Kimya kilichoponza misafara ya nyuklia Ulaya

MATAIFA yanayozalisha umeme kwa kawi ya nyuklia hupenda kujigamba kuhusu uimara wa makasha ya chuma yanayotumika kusafirishia mabaki yenye miale hatari. Ni nadra kwa mataifa hayo kueleza ni nani huyapima makasha hayo, na matokeo ya vipimo hivyo huishia mezani pa nani. Kashfa iliyozikumba Ufaransa na Ujerumani mwaka wa 1998 ilidhihirisha kwamba swali hilo la pili ndilo zito zaidi.

Mapema Mei mwaka huo, raia wa Ufaransa walipata habari kupitia magazeti kwamba makasha na mabehewa yaliyosafirisha fueli iliyokwisha kutumika, kutoka vituo vya nyuklia hadi kiwanda cha La Hague katika eneo la Normandy, yalikuwa na uchafu wa chembechembe zenye miale uliopita kiwango kilichoruhusiwa. Halikuwa tukio la siku moja. Katika mwaka wa 1997 pekee, zaidi ya robo ya misafara iliyotoka katika vituo vya shirika la umeme la EDF ilifika ikiwa na uchafu huo. Makasha kutoka Ujerumani na Uswisi, nchi ambazo pia zilikuwa zikipeleka fueli yao La Hague, nayo yalipatikana na dosari iyo hiyo.

Uzito wa jambo hili hauwezi kueleweka bila ya kufahamu safari yenyewe. Fito za urani zikishatumika kwa miaka kadhaa ndani ya kinu huwa zimepungukiwa na uwezo wa kuzalisha umeme, lakini hubaki na joto jingi na hutoa miale mikali mno. Kwa sababu hiyo huhifadhiwa katika bwawa la maji kando ya kinu hadi zipoe. Wakati wa kuzisafirisha uwadiapo, kasha lenye uzito wa takriban tani 100 huzamishwa bwawani na fito zikapakiwa humo chini ya maji. Kasha hilo hufungwa, likainuliwa kwa kreni, likaoshwa, likakaushwa na kuwekwa juu ya behewa. Treni hulifikisha katika kituo cha reli cha Valognes, ambako huhamishiwa kwenye lori kubwa linalomaliza kilomita 40 hivi zilizosalia. Huko La Hague, urani na plutoni hutenganishwa na taka, nazo taka huyeyushwa pamoja na kioo na kurejeshwa kwa nchi iliyozizalisha.

Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1961, ni kali. Kasha la aina hii sharti liwe limeundwa kustahimili kuanguka kutoka urefu wa mita 9 juu ya sakafu ngumu isiyobonyea, na kustahimili moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30. Aidha, miale inayopenya nje haipaswi kuzidi milisiverti 0.1 kwa saa katika umbali wa mita 2 kutoka kwa gari. Makasha yaliyofika Valognes hayakuwa yamepasuka wala kuvuja. Kilichokosekana kilikuwa jambo dogo zaidi katika kanuni hizo, nalo ni usafi wa sehemu ya nje.

Kiwango kilichowekwa ni bekereli 4 kwa kila sentimita ya mraba kwa aina nyingi za chembechembe. Bekereli moja ni sawa na atomu moja kuvunjika kila sekunde, hivyo basi kiwango hicho ni cha chini sana. Kazi ya kukihakiki nayo haihitaji mtambo wa ajabu. Mkaguzi huchukua kitambaa maalum, akapangusa eneo la sentimita 300 za mraba, kisha akakipima kitambaa hicho kwa kifaa cha kuhesabu miale. Anayeifanya kazi hiyo kwa makini hupata jibu kwa muda mfupi. Huko Valognes, baadhi ya madoa yalipatikana yakiwa yamekizidi kiwango hicho mamia ya mara.

Chanzo chake kilikuwa bwawa. Maji ya bwawa la fueli hubeba chembechembe kama vile kobalti-60 na seziamu-137. Kasha linapozamishwa, maji hayo huingia katika vitundu visivyoonekana vya chuma, katika rangi na pembezoni mwa bolti. Likishaoshwa, kitambaa huonyesha kwamba ni safi. Lakini njiani, kwa sababu ya joto la fito, mtikisiko wa reli na unyevu wa hewa, chembechembe hizo hutoka taratibu kama jasho. Ndiyo maana kasha lingeweza kuondoka likiwa na hati ya usafi na kufika likiwa chafu. Kwingineko, uoshaji na upimaji wenyewe haukufanywa kwa uangalifu uliotarajiwa.

Hadi hapo, hilo lilikuwa tatizo la kiufundi ambalo lingeweza kutatuliwa na mafundi. Lililoligeuza kuwa kashfa ni kimya. Waliopokea makasha Valognes walikuwa wakiyapima na kunakili matokeo. Wenye vituo walikuwa wakijulishwa. Miongoni mwa kampuni husika, tatizo hilo lilikuwa limejulikana tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, mamlaka za kudhibiti nyuklia hazikuarifiwa. Kampuni zilipotakiwa kujieleza, zilisema kuwa hakukuwa na sheria iliyozilazimu kutoa ripoti. Utetezi huo ulikuwa na chembe ya ukweli, na hapo ndipo ilipokuwa kasoro kubwa. Kanuni iliweka kiwango, lakini haikumlazimu aliyekivuka kufungua kinywa.

Mambo yalibadilika pale kazi ya kusimamia usalama wa usafirishaji huo nchini Ufaransa ilipoondolewa katika wizara ya uchukuzi mwaka wa 1997 na kukabidhiwa idara ya usalama wa vituo vya nyuklia, iliyokuwa ikiongozwa na Andre-Claude Lacoste. Haukupita mwaka mmoja kabla ya siri ya miaka mingi kufichuka. Makasha hayakuwa yamechafuka zaidi mwaka huo kuliko miaka iliyotangulia. Tofauti ilikuwa kwamba sasa palikuwa na mkaguzi mwenye mamlaka ya kuuliza, na asiyekuwa na faida yoyote katika kunyamaza.

Athari zake zilikuwa za haraka. Shirika la reli la Ufaransa lilisimamisha usafirishaji wa fueli hiyo, huku wafanyakazi wake wakitaka kujua iwapo afya yao ilikuwa imehatarishwa. Kabla ya Mei kwisha, Angela Merkel, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mazingira wa Ujerumani, alipiga marufuku misafara hiyo. Hasira ya Wajerumani ilikuwa na sababu ya ziada. Mnamo Machi 1997, askari wapatao 30,000 walikuwa wametumwa kulinda makasha 6 yaliyokuwa yakielekea Gorleben, kaskazini mwa nchi hiyo, huku waandamanaji wakijaribu kuyazuia. Serikali ilikuwa imewahakikishia wote, askari na waandamanaji, kwamba misafara ya nyuklia ni salama na kila kitu kinapimwa. Sasa ilibainika kwamba waliotoa hakikisho hilo hawakuwa wakiambiwa yote.

Wapo wanaoshikilia kwamba kelele hizo zilipita kiasi. Wataalamu wa afya na usalama waliochunguza suala hilo katika nchi zilizohusika walifikia uamuzi kwamba kiwango cha miale walichopata wafanyakazi na umma kilikuwa kidogo mno, na hakuna aliyethibitishwa kudhurika. Kwa mtazamo huo, bekereli chache kwenye doa dogo la chuma hazikustahili kuangusha mfumo mzima wa usafirishaji.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani imejengwa juu ya vipimo. Hata hivyo, inasahau kazi ya kiwango cha chini. Bekereli 4 si mpaka kati ya uhai na kifo. Ni kengele ya kuashiria kwamba mahali fulani katika mlolongo wa kazi, mtu hakuosha, hakupima au hakujali. Kituo kinachozoea kuisikia kengele hiyo bila ya kuitikia kinajifunza tabia ambayo siku moja itakikuta mbele ya jambo kubwa zaidi. Isitoshe, mwananchi wa kawaida hana kifaa cha kupimia miale. Hawezi kuiona, kuinusa wala kuigusa. Anachoweza kupima ni ukweli wa wale wanaomweleza, na akishawakuta wamemficha dogo, hatawaamini watakapomwambia la kweli kuhusu kubwa.

Gharama ya kupoteza imani hiyo ilikuwa kubwa kuliko gharama ya sabuni na vitambaa. Misafara ya Ujerumani haikurejelewa hadi mwaka wa 2001, na katika kipindi hicho fueli iliendelea kurundikana katika mabwawa ya vituo. Sheria mpya ya mwaka wa 2002 iliamuru kwamba kuanzia Julai 2005, fueli ya Ujerumani isipelekwe tena ng'ambo kuchakatwa. Vinu vitatu vya mwisho vya nchi hiyo vilizimwa Aprili 15, 2023. Itakuwa kosa kudai kwamba makasha machafu ndiyo yaliyoifikisha Ujerumani hapo, kwa kuwa upinzani dhidi ya nyuklia ulikuwa umekita mizizi tangu zamani. Lakini kashfa hiyo iliwapa wapinzani hoja ambayo wenye vituo hawakuweza kuijibu.

Ufaransa ilifuata njia tofauti. Uoshaji wa makasha ulirekebishwa, vipimo vikaongezwa mwanzoni na mwishoni mwa safari, na ripoti za uchafu zikawa za lazima. Idadi ya misafara yenye dosari ilishuka sana katika miaka iliyofuata, ishara kwamba tatizo lilikuwa na dawa tangu mwanzo. Mwaka wa 2006, sheria ilibuni mamlaka huru ya usalama wa nyuklia, ASN, ambayo Januari 2025 iliunganishwa na taasisi ya utafiti wa usalama wa miale na kuwa ASNR. Wakaguzi wake huweza kufika kituoni bila ya kutoa taarifa, na barua zinazoeleza walichokiona huchapishwa ili kila mtu azisome. Kituo kilichoacha mapipa ya taka bila lebo au kilichokosea hati za usafirishaji hujua kwamba majirani zake watapata habari.

Somo hili lina uzito kwa Kenya, ambayo imekuwa ikipanga kujenga kituo chake cha kwanza cha nyuklia. Sheria ya Kawi ya 2019 ilibuni shirika la NuPEA ili kuendeleza mpango huo, na katika mwaka uo huo Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ikabuni mamlaka ya KNRA ili kuwa msimamizi. Kumtenga anayejenga na anayekagua ni hatua ya busara. Wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, ambao waliandamana mwaka wa 2024 kupinga mradi huo, walihofia bahari wanayoitegemea kwa uvuvi. Baadaye serikali ilielekeza macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako pia wapo wavuvi. Popote kituo kitakapojengwa, kitazalisha taka, na taka hizo hazitabaki chini ya kinu milele. Siku moja zitapita katika barabara zinazotumiwa na matatu, malori na watoto wa shule.

Si lazima KNRA isubiri kinu ndipo ijenge desturi ya uwazi. Hospitali zinazotibu saratani na viwanda mbalimbali nchini tayari hutumia vifaa vyenye miale, ambavyo vikichakaa sharti visafirishwe na kuhifadhiwa. Kuna kituo cha kushughulikia taka za aina hiyo huko Oloolua, karibu na Ngong. Kila kifaa kinachohamishwa ni nafasi ya kujizoeza. Je, kilipimwa kabla ya kuondoka? Kilipimwa kilipofika? Vipimo hivyo viwili vililinganishwa na nani, na mwananchi anaweza kuviona wapi?

Maswali hayo hayahitaji mabilioni ya pesa wala wataalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mkaguzi mwenye kifaa chake mwenyewe, ambaye mshahara wake hautegemei furaha ya anayemkagua, na sheria inayomwadhibu anayeficha kipimo kwa ukali kuliko anayekiri kwamba kimezidi. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa na wahandisi hodari na makasha yasiyopasuka, lakini ziliponzwa na vitambaa vya kupangusia ambavyo matokeo yake yalifungiwa kabatini. Nchi ambayo bado haijachimba msingi wa kinu chake ina fursa ya kuliziba pengo hilo mapema, kwani usipoziba ufa, utajenga ukuta.