Kuoka Hakungoji Umeme

Anayedai kuwa kuoka ni anasa ya wenye oveni hajapita jikoni Unguja. Mkate wa kumimina ni mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Sufuria hupakwa mafuta na kupashwa moto, rojo humiminwa, kifuniko hupaliwa makaa. Ujuzi wote uko hapo: makaa mengi juu, machache chini, la sivyo kitako kinaungua na ndani kungali kubichi. Joto la pande mbili. Oveni ina nini zaidi? Haina moshi, nakubali, na mkaa siku hizi ni ghali. Lakini kuku aliyekolea ndimu, tangawizi na thomu huokwa kwa sufuria hiyohiyo, hadi ngozi iwe nyekundu.