Babu Yetu Hakuwa Shujaa, Tuache Uongo

Wadau, najua leo nitanuniwa na ukoo mzima. Liwalo na liwe.

Tunachangishana. Kila mjukuu shilingi 50,000, tumjengee kaburi la marumaru babu yake baba kule Kilimatinde, juu pale ukingoni unapotazama bonde la Bahi. Maandishi yameshapitishwa na kikao: "Shujaa wa Vita ya Mjerumani, Mpigania Taifa." Mimi ni mwandishi wa habari, nalipwa (kidogo) kwa kuuliza maswali ya kijinga. Nikauliza: taifa gani?

Kimya. Baba mkubwa akacheka, akasema nyie wa chuo kikuu mna matatizo.

Basi nikaamua kumtafuta mzee mwenyewe. Karatasi usizitegemee sana, nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea kwa mabomu pale Potsdam mwaka 1945. Nilipokuwa mtoto, kila tukienda Dar nilionyeshwa ile sanamu ya askari Mtaa wa Samora, naambiwa "yule ndiye babu yako". Kumbe wapi! Sanamu ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka watu wa upande wao. Miaka yote hiyo tumempigia saluti adui wa babu.

Aliyenisaidia ni bibi, shangazi yake baba, binti wa mwisho wa mzee. Nikapanda basi hapa Dodoma, nikaenda kukaa naye siku mbili. Hakuficha kitu.

Mzee alikuwa Mnyamwezi. Aliletwa boma la Kilimatinde na bunduki ya Mjerumani begani, akaoa Mgogo. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wakawa wanapita vijijini kukusanya ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Majeshi ya Mwingereza yalipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nayo yakaanza kuchukua yale machache yaliyobaki. Halafu mvua ikagoma. Hiyo ndiyo Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, njaa ambayo ukiitaja kwa wazee wa Ugogo wanashusha sauti. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Wengine waliweka mabinti zao rehani wapate chakula. Mathias Mnyampala, yule malenga wa ngonjera, alizaliwa hukuhuku Ugogo mwaka 1917. Nikifikiria wachanga waliozaliwa naye mwaka ule ambao hawakuvuka, nachoka.

"Ng'ombe wote wa wajomba zangu walichukuliwa," bibi akasema.

"Na nani, bibi?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto asiyeelewa.

"Na baba."

Nikafunga daftari.

Najua mtasema alilazimishwa. Waliolazimishwa ni wapagazi. Askari kama yeye alijiandikisha, alilipwa rupia, na alikuwa na boi wa kumbebea vitu vyake. Mtasema ndivyo zilivyokuwa nyakati zile. Na waliokufa kwa Mtunya waliishi nyakati gani? Na kule kusini, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, nani alichoma mashamba na maghala mpaka watu wakafa kwa njaa? Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache mno. Amri ilikuwa yao, lakini mkono ulioshika kiberiti mara nyingi ulikuwa mweusi, na huenda ulikuwa wa babu yako wewe unayesoma hapa. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Ilibidi aombe. Lakini sisi wajukuu wa waliofyatua risasi, tumewahi kumwambia nani samahani?

Marekani wapo watu ambao babu zao walipigana upande wa Kusini, vita ya 1861 hadi 1865, kulinda utumwa. Wametoana macho juu ya sanamu za vita ile, nyingine zimeng'olewa. Angalau wao wanabishana. Sisi tunakimbilia marumaru.

Sisemi tumtupe mzee. Bibi alinipa jambo jingine ambalo kikao hakilijui, au kinajua na kimelikalia. Mwaka 1917, jeshi la Mjerumani likirudi nyuma kuelekea kusini, mzee alitoroka. Alitembea usiku, mchana analala porini, mpaka Kilimatinde. Akamkuta mkewe yu hai, amebaki mifupa. Akashika jembe. Bibi anasema mpaka anakufa hakuwahi kujiita shujaa, na wimbo wa vita hakutaka uimbwe uani kwake.

Mimi naona hilo ndilo la kuandika kaburini. Baba mkubwa anaona ni fedheha: askari mtoro!

Nimempelekea maneno yangu: "Alikuwa askari wa Mjerumani. Alichukua ng'ombe wa mashemeji zake. Akaikimbia vita, akarudi kulima na mkewe." Wakikubali, elfu hamsini yangu natoa siku hiyohiyo, na nyingine juu yake.

Amenijibu kwa meseji kwamba kikao cha Jumapili nisikanyage.

Nitakwenda. Na bibi nakuja naye.