Kalunguta: Siku tatu za kuloweka mihogo si za kupunguzwa

Kwenye masoko ya barabara ya Butembo–Beni, Maboya kama vile Kabasha, unga wa mihogo unasifiwa kwa weupe wake. Mteja anauliza bei, anagusa unga, analipa. Swali moja halisikiki: mihogo hii ilikaa majini siku ngapi?

Wazee wanajua jibu. Mihogo kali inaloweshwa siku tatu ama nne, mpaka kidole kizame ndani, ndipo inaanikwa. Uchachu unaonuka pale si uchafu. Vijidudu vinakula sukari ya muhogo na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayogeuza maziwa kuwa mashanza. Asidi hiyo inazuia vijidudu vya kuozesha. Wakati huo muhogo unalainika na sumu ya sianidi inaachana nao, ingine ikibaki majini, ingine ikipanda hewani juani.

Wachuuzi wenye kutoa mihogo majini kesho yake wana sababu mbili. Ya kwanza ni vita, na inaeleweka: mama anayekimbia waasi hawezi kulinda mihogo yake majini siku nne. Ya pili haikubaliki. Wanasema mteja wa mjini anakataa unga wenye harufu. Basi ili kumfurahisha mtu wa Butembo, mtoto wa kijijini ale sumu? Na huyo wa Butembo naye anaila.

Wengine wanajibu kwamba moto unamaliza yote. Waulize Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwa ndugu Wakonjo. Septemba 2017 watu 98 waliugua huko na wawili wakafa, baadhi yao wakiwa wametoka kula kwenye matanga. Bugali ulikuwa umepikwa. Unga ulifuatiliwa hadi kwa muuzaji mmoja wa jumla, na vipimo vilionyesha wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, wakati kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni 10.

Hata anayekula kidogo kidogo hajapona. Huko Kwango, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo (jina halihusu Wakonjo, ni neno la Wayaka): miguu inakakamaa ghafla na hairudi kama zamani. Unawapata zaidi watoto na wanawake, hasa pale ambapo hakuna nyama wala maharagi ya kusindikiza bugali.

Mihogo kali isilaumiwe. Inavumilia wezi na wanyama kuliko ile tamu, na ndiyo maana mkulima anaipenda. Wa kuulizwa ni anayenunua kwa jumla na kulipa bei moja kwa mihogo ya siku nne na ya usiku mmoja. Pia mtoza kodi wa soko, anayehesabu mifuko tu. Karatasi ya kupimia sianidi ipo, na haihitaji maabara kubwa.

Mama mwenye mashaka na unga alionunua anaweza kuulowesha kidogo, autandaze mwembamba usizidi sentimita moja, saa mbili juani ama saa tano kivulini, kisha aupike siku ile ile. Sumu inapungua sana. Lakini hiyo ni kazi aliyoikwepa mchuuzi, na mama ameshailipia sokoni.