Weita Si Yaya

Kuna sentensi nimeisikia Jumapili nyingi kuliko mahubiri: "Siz, niangalizie huyu kidogo." Anayeisema ana chupa mkononi, na "kidogo" yake huanza saa nane mchana ikaisha saa mbili usiku. Nilihudumia meza miaka miwili katika bustani moja ya nyama choma nje ya Nairobi. Wacha niwaambie wazazi wa mji huu kitu ambacho weita hawezi kuwaambia akiwa bado anangoja mlipe bili: mtoto hayuko kwenye oda.

Sisemi watoto wasije. Wale wa "baa si mahali pa watoto" wanaruka swali rahisi: waende wapi? Nairobi imekula viwanja vyake. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi kwa kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Uhuru Park ikafungwa 2021 kwa ukarabati. Mtaani, ukiona nafasi wazi leo, kesho ni ploti, kesho kutwa ni ghorofa. Bembea iliyobaki iko kando ya jiko la choma. Familia ikienda kula huko pamoja, hiyo ni poa kabisa.

Shida yangu iko kwenye hilo neno "pamoja". Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia eneo la kunywea pombe. Mwenye bustani anajua. Ndiyo maana amepanda ua mfupi wa maua: upande huu pombe, upande ule watoto. Mtoto wa miaka minne anauruka ua huo kama mchezo. Na wazazi nao wameugeuza mpaka wa majukumu. Mtoto akishavuka kwenda kwenye bembea, amekuwa wa nani? Wa mtu wa kwanza aliyevaa aproni.

Huyo wa aproni ana meza nane. Anabeba chupa sita kwa trei, na glasi ikivunjika anakatwa mshahara. Hajui jina la mwanao. Hajui kama njugu zinamdhuru. Hajui nani ana ruhusa ya kumchukua, na hii ndiyo inanitisha kuliko zote. Katika umati ule, mtu akimshika mkono akasema "twende kwa mami", nani atamuuliza yeye ni nani?

Siku moja nilimnyakua mtoto wa kama miaka mitatu nyuma ya gari lililokuwa likirudi kinyumenyume. Dereva alikuwa ametoka meza yangu. Nilijua alichokunywa kwa sababu oda niliiandika mimi. Nilipompeleka mtoto kwa babake, mzee aliniuliza, "Kwani hukuwa unamwona?" Nilimwona, buda. Kati ya watu wazima sita kwenye meza yako, kwa nini nilikuwa mimi pekee?

Ukilalamika, unapigwa na methali: mkono mmoja haulei mwana. Sawa. Lakini methali haikusema mkono huo wa pili ni ule ulioshika trei. Kuna wengine wanakuja na dada wa kazi, Jumapili, siku yake ya kupumzika, anakaa pembeni na soda moja huku wao wakila mbuzi. Na asipokuwepo dada, anayeinuka kila dakika tano ni mama, chakula chake kikipoa. Baba anashangilia mpira. Katiba, kifungu cha 53, inasema jukumu la kumlea mtoto ni la mama na baba kwa usawa. Haijaweka nukta ya "isipokuwa Arsenal ikicheza".

Suluhu si ngumu, wasee. Kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, pangeni zamu. Mmoja wenu anakunywa maji, anakaa upande wa bembea, simu mfukoni, na wengine wanajua ni yeye. Wiki ijayo ni mwingine, na wanaume mhesabiwe humo. Mkikosa hata mtu mmoja wa kukubali, basi hiyo si siku ya familia, ni sherehe ya watu wazima. Tafuteni siku nyingine.

Nawe mwenye bustani, unayeandika "karibuni na watoto" kwenye bango: ajiri mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, umlipe. Weka uzio wa kweli kati ya bembea na maegesho. Watoto ndio wanaokuletea hizo meza za watu wanane. Kama faida yao unaihesabu, hesabu na gharama yao, usiisukumie kwa msichana wa meza nane.

Na ukisikia mtu wa meza yako akisema "siz, niangalizie", mjibu wewe kabla ya weita. Mwambie ainuke.