Kadi za Kumbukumbu: Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Mama aendaye sokoni kununua mahindi hakubali kuambiwa tu kwamba debe limejaa. Hulitazama debe lenyewe, huchungulia kama kitako hakikubonyezwa kwa ndani, kisha ndipo hutoa fedha yake. Huenda mama huyo hakupata kusoma fizikia hata kipindi kimoja, lakini aijua kanuni ya kwanza ya sayansi, nayo ni kwamba kipimo hukaguliwa kabla ya kuaminiwa. La ajabu ni kwamba sisi tuliosoma, tufikapo kwenye duka la simu, kanuni hiyo huiacha mlangoni. Twaoneshwa kikadi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichoandikwa gigabaiti 128, kwa bei ya kushangaza, nasi hulipa tukafurahi kwamba tumepata urahisi.

Makala haya yanahusu jinsi ya kupata kadi ya kumbukumbu, au memori kadi kama wengi tuiitavyo, kwa bei nafuu ya kweli. Rai yangu ni hii: unafuu wa kadi haumo katika bei iliyotajwa na muuzaji, bali umo katika gigabaiti zilizothibitika kwa majaribio. Tena nasema kwamba kazi ya kuzithibitisha si ya fundi wala ya serikali peke yao. Ni kazi iwezayo kufanywa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, nayo yastahili kupewa nafasi katika vipindi vyetu vya sayansi.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyechunguza ukuaji wa miche ya mikoko pwani. Kila bamvua, maji yalipokupwa sana, alikwenda kupiga picha vipande vile vile vya ardhi alivyokuwa amevipima kwa kamba. Alikwenda mara 14 kwa muda wa miezi saba. Kadi ya kamera nilimnunulia mimi, nami nilijisifu kwa wenzangu jinsi nilivyoipata kwa bei ndogo. Iliandikwa gigabaiti 64. Tulipoifungua kwenye kompyuta ili tuanze uchambuzi, picha za safari sita za mwanzo zilikuwa safi kabisa. Za safari nane zilizofuata yalionekana majina tu: kila faili lilikuwa na namba yake na tarehe yake, lakini ndani hamkuwa na kitu. Kadi ile ilikuwa na uwezo wa gigabaiti 8. Fedha ningeweza kuitoa tena, ila miche ile haikuweza kurudi utotoni ili ipigwe picha upya. Kijana alilazimika kuanza utafiti mwingine na kuchelewa kuhitimu. Shahada yangu ya udaktari niliyoifuata ng'ambo haikumsaidia kitu, kwa sababu sikutumia hata saa mbili kuijaribu kadi kabla ya kumkabidhi.

Wasomaji watauliza: yawezekanaje kadi ikadanganya? Ili kulijibu swali hili hatuna budi kutazama ndani ya kadi. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani. Aliitangaza kwa wanasayansi wenzake mwaka 1984, na aina yake itumikayo zaidi katika kadi za leo ikafuata mwaka 1987. Ndani yake mna visima vidogo mno vya umeme, viitwavyo seli. Kila seli huweza kufungia elektroni ndani ya ukuta usiopitisha umeme, na elektroni hizo hubaki humo hata chombo kikizimwa. Kuwapo kwa chaji au kutokuwapo kwake ndiyo herufi ya maandishi ya kompyuta: moja au sufuri.

Hapo awali kila seli ilihifadhi biti moja. Baadaye wahandisi walijifunza kupima kiasi cha chaji, kama mtu apimavyo maji ndani ya mtungi: robo, nusu, robo tatu. Mtungi wenye alama nane huhifadhi biti tatu, na wenye alama 16 huhifadhi biti nne. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya bei ya kumbukumbu kushuka. Kadi za namna ya SD zilitangazwa mwaka 1999, na zile za mwanzo zilipimwa kwa megabaiti 32 na 64. Leo twanunua gigabaiti 64, yaani mara elfu moja. Lakini kila unafuu una gharama yake. Alama zikikaribiana mno, hata uvujaji mdogo wa chaji huweza kumfanya msomaji asome nane badala ya saba, na seli yenyewe huchakaa mapema zaidi kwa kuandikwa na kufutwa.

Pamoja na seli hizo, ndani ya kadi mna kidhibiti, nacho ni mfano wa karani wa ghala. Simu au kamera haizioni seli, humwuliza karani tu, "Una vyumba vingapi?" Naye akijibu 64, chombo huamini. Mtengenezaji mdanganyifu huchukua ghala lenye vyumba 8 akamfundisha karani kujibu 64. Mzigo wa tisa ukifika, karani huupokea kwa adabu, huandika jina lake daftarini, kisha huutupa nje; au huuingiza chumba cha kwanza na kuuharibu mzigo uliokuwamo. Kwa kuwa daftari lenyewe limo mwanzoni mwa ghala, mahali palipo pa kweli, majina yote huonekana. Mwanafunzi wangu aliziona picha zake kwenye kioo cha kamera kila alipozipiga, kwa kuwa wakati huo kamera ilikuwa bado inazo katika kumbukumbu yake yenyewe. Udanganyifu huu hauonekani kwa macho, na ndiyo maana wahitaji jaribio.

Sasa tuje kwenye hesabu ya bei. Tuchukue mfano wa kubuni. Kadi ya kwanza imeandikwa gigabaiti 128, nayo yauzwa shilingi 12,000. Kadi ya pili imeandikwa gigabaiti 32, nayo yauzwa shilingi 15,000. Kwa maandishi, gigabaiti moja ya kadi ya kwanza yagharimu shilingi 94 hivi, na ya kadi ya pili shilingi 469. Mnunuzi mwenye haraka ataikimbilia ya kwanza. Lakini ikiwa majaribio yataonesha kwamba kadi ya kwanza ina gigabaiti 8 tu, basi gigabaiti moja ya kweli imemgharimu shilingi 1,500, mara tatu na zaidi ya ile aliyoiona ghali. Hapo bado hatujatia bei ya kile kitakachopotea.

Jaribio la kuipima kadi ni jepesi, na lina funzo zuri la mantiki. Jazeni kadi yote, iondoeni, irudisheni, kisha someni kila kilichoandikwa mkilinganishe na kilichokusudiwa. Mwalimu na awaulize wanafunzi: kwa nini tusijaze kadi kwa neno moja lililorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho? Jibu ni kwamba karani mwongo ambaye huuingiza mzigo wa tisa katika chumba cha kwanza hatanaswa, kwa sababu mizigo yote inafanana. Ni lazima kila sehemu iwe na alama yake isiyorudiwa popote. Programu ya H2testw kwa kompyuta za Windows, na ile iitwayo F3 kwa kompyuta za Linux na Mac, hufanya kazi hii hasa, tena zote hupatikana bila malipo. Kadi ya gigabaiti 32 ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde itajaa kwa dakika 53 hivi. Ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 20 itamalizika kwa dakika 27. Jumla ni dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika arobaini vilivyofuatana. Shule isiyo na kompyuta na iijaze kadi kwa video mbalimbali kwa kutumia simu, iizime simu na kuiwasha tena, kisha wanafunzi wazifungue zote, za mwanzo na za mwisho. Jaribio hili si kamili kama lile, lakini kadi ya gigabaiti 8 iliyojiita 128 haitapita.

Yapasa pia tusimtuhumu muuzaji bure. Kadi ya kweli ya gigabaiti 32 ikitiwa kwenye kompyuta huweza kuonesha 29.8. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na programu nyingi za kompyuta huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ukigawanya 32,000,000,000 kwa idadi hiyo ya pili utaipata 29.8 barabara. Mwanafunzi anayejua hesabu hii ataepuka ugomvi usio na msingi dukani.

Jambo jingine ni kutolipia tusichokihitaji. Alama ya 10 ndani ya herufi C, au ya 1 ndani ya herufi U, maana yake ni kwamba kadi huandika kwa kasi isiyopungua megabaiti 10 kwa sekunde. U yenye 3, na pia V30, ni megabaiti 30. Kasi kubwa iliyochapwa kwa tarakimu nene, kwa mfano 100, mara nyingi ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, wala si ya kuandika. Mwenye kuhifadhi vitabu, muziki na masomo ya darasani hana haja ya V30. Mwenye kupiga video za ubora wa juu anayo. Atakayeendeshea programu za simu ndani ya kadi na atafute alama ya A1. Tena na tukumbuke kwamba vyombo vya zamani vilivyotengenezwa kwa kadi za SDHC, ambazo mwisho wake ni gigabaiti 32, huenda visiipokee kadi kubwa zaidi hata ikiwa ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba mashauri haya ni ya wenye nacho, na kwamba mwananchi wa kawaida hana la kufanya ila kununua kilicho rahisi. Sikubaliani nao. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kununua mara mbili. Ikiwa fedha ni kidogo, kadi ya kweli ya gigabaiti 16 ni bora kuliko jina la gigabaiti 128. Na ikiwa fedha yatosha kadi moja kubwa, mara nyingi ni busara zaidi kununua mbili ndogo na kunakili kazi katika zote mbili, kwa sababu hata kadi halisi hufa, na haipigi hodi kabla ya kufa.

Wengine watasema kwamba kazi ya kuzuia bidhaa za bandia ni ya serikali. Ni kweli: Tanzania inayo Tume ya Ushindani, na Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Lakini hakuna mkaguzi awezaye kuifungua kila kadi katika kila kibanda. Hata mwenye duka mara nyingi naye ameuziwa katoni lililofungwa, asijue kilichomo. Kwa hiyo nashauri mapatano kabla ya malipo: mnunuzi aseme wazi kwamba ataijaribu kadi na kuirudisha siku ya pili ikishindwa, na adai risiti yenye kutaja uwezo wake. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Ndugu walimu, shule zetu nyingi sasa huweka katika kadi hizi mitihani ya miaka iliyopita, vitabu, hata maktaba nzima ya kusomwa mahali pasipo na intaneti. Wanafunzi huweka humo sauti za mababu zao na picha za ndugu waliokwisha kufariki. Vitu hivi havina bei, na havinunuliki tena. Naomba basi shule iwe na siku moja katika kila muhula ambapo wanafunzi, na hata wazazi wao, wataleta kadi zao zikajaribiwa, na matokeo yakaandikwa ubaoni: uwezo ulioandikwa, uwezo uliopimwa, bei iliyolipwa, na bei ya kila gigabaiti ya kweli. Watakuwa wamejifunza elektroni, hesabu za nguvu za mbili, mantiki ya majaribio na uraia, yote katika kikadi kimoja. Kadi iliyokwisha kutumika na inakiliwe kwanza, kwa kuwa kujaribu ni kujaza, na kujaza ni kufuta.

Kadi ile ya gigabaiti 8 ninayo hadi leo. Nimeibandika katika karatasi juu ya meza yangu ya kazi, na kila mwaka huwaonesha wanafunzi wapya kabla sijawaruhusu kwenda pwani. Siku hizi hakuna anayeondoka chuoni kabla kadi yake haijajazwa, ikasomwa, na ikaandikiwa tarehe ya jaribio.