Kupunguza mazoezi si kulala
Mwandishi, makala nzuri, ila hapo pa "wiki mbili za mwisho lala tu" sikubaliani nawe. Mtu anayesubiriwa na kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia hupunguza umbali, hata kwa nusu, lakini kasi haiachi. Mimi nikikaa bure miguu inakuwa mizito kama magogo; nakimbia dakika chache kwa kasi ya mashindano, narudi kula wali wangu. Na wewe ndugu hapo juu unayelalamika mizani imepanda, tulia, huo si unene. Misuli inajaza glaikojeni, yaani wanga wa akiba, na kila gramu hukaa na maji kama gramu 3. Akiba hiyo utaililia kwenye baiskeli! Viatu vipya tu ndivyo usivijaribu wiki hizo, tafadhali.