BOSI ASIYEAMBIWA NI MSIBA!

Ndugu msomaji, wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, iwe Kahama, Geita au Kariakoo, hebu nikuulize: bosi mzuri ni yupi?

Usiniambie ni yule anayegawa fulana Mei Mosi na pilau Krismasi. Pilau huliwa siku moja! Bosi mzuri ni yule ambaye ukimwambia, "Mzee, matimba yameoza, leo hatushuki," anakwenda kuyaangalia matimba. Bosi mbaya anakuangalia wewe, kisha anakuonyesha kidole wanaosubiri kazi getini.

Oktoba 2015, machimbo ya Nyangarata kule Kahama yalifukia watu. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wameishi kwa mizizi na wadudu. Mwenzao alifia chini. Nchi nzima ikaimba muujiza. Muujiza! Shimo likikaguliwa mapema, nani atahitaji muujiza?

Usidhani kampuni kubwa ndiyo dawa. Oktoba 2007, wafanyakazi wa Bulyanhulu, mgodi wa Barrick, waligoma wakidai maslahi bora. Kampuni ikasema mgomo ni haramu. Zaidi ya elfu moja wakafukuzwa. Sawa, sheria ya mgomo ina hatua zake. Lakini watu elfu moja hawaamki asubuhi moja wakachoka kula! Meneja anayengoja zana ziwekwe chini ndipo ajue watu wana shida, huyo anasimamia dhahabu tu. Watu hawasimamii.

Na vigogo wetu wasijifanye watakatifu. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi ubabe na majivuno. Makabwela wa viwandani Dar es Salaam wakausadiki, wakagoma, wengine wakawafungia mameneja nje. Kufika 1973, serikali ile ile ikawageuka. CCM, iliyoirithi TANU mwaka 1977, ikarithi na tabia hiyo: jukwaani iko na mfanyakazi, getini iko na mwenye geti.

Kwa hiyo usingoje huruma ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema: kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki; saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu; likizo ya mwaka ni siku 28. Ukifukuzwa kwa uonevu, una siku 30 kufikisha shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kata kipande hiki, kitie mfukoni, mwonyeshe na mwenzako!

Na wewe uliyepata duara lako juzi pale Nyarugusu, ukaanza kuitwa bosi, usigeuke mkoloni mweusi. Jana ulishuka kwa kamba hiyo hiyo. Ikague kwa mkono wako kabla hujamshusha mtoto wa mwenzio.